Uwanja wa Darasa la Awali ni wa Nani?

Msikilizaji, leo naomba tuzunguke nyuma ya shule. Mbele tunapajua: pana mlingoti wa bendera, pana mawe yaliyopakwa chokaa, pana maua mawili matatu ya kumfurahisha mgeni. Mimi nataka twende kule lilikosukumwa darasa la awali.

Tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za serikali nchini Tanzania, kuanzia Januari 2016, watoto waliomiminika kwenye darasa hilo walizidi viti, wakazidi na walimu. Pakatafutwa chumba. Mara nyingi kilichopatikana ni kile ambacho hakikuwa na mwenyewe: stoo ya zamani, au chumba cha mwisho upande wa vyoo. Na uwanja wake ndio ule unaoanzia mlangoni: udongo mtupu uliokanyagwa mpaka ukang'aa, kifusi cha jengo lililokarabatiwa zamani, miguu ya madawati mabovu, na pembeni shimo la taka linalofuka moshi. Mti hakuna. Ikifika saa nne darasa zima linajibanza kwenye kivuli cha ukuta, na jua likizidi kupanda kivuli kinazidi kusinyaa, mpaka watoto wanabaki wamesimama wima, migongo ukutani. Hayo ndiyo mapumziko yao.

Chekechea za kulipia mjini zina ugonjwa wake mwingine. Nyumba ya kupanga, ukuta una katuni za kupendeza, uwanja umesakafiwa kwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta, bembea moja imekatika mnyororo. Mzazi akipita anasema pasafi. Ni pasafi kweli, na adhuhuri panachoma nyayo.

Neno langu leo ni moja. Viwanja hivi vigeuzwe kijani, na wageuzaji wawe wenye darasa lao, yaani watoto wa miaka minne na mitano, sisi wakubwa tukiwa vibarua wao.

Najua kuna mzazi ameshashika simu anataka kuniambia, "Mtangazaji, mimi mwanangu nimempeleka kusoma, sikumpeleka kulima." Mzazi huyo namwelewa. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shule iwe jumuiya inayozalisha na shamba liwe sehemu ya somo. Ukiyasoma maandishi yale leo, bado yana akili. Lakini kilichotufikia wengi wetu madarasani ni jembe la adhabu. Umechelewa, shamba. Umepiga kelele, shamba. Mahindi yakivunwa, hujui yamekwenda wapi. Watu wakamaliza shule wakiamini kwamba anayeshika jembe ni yule aliyeshindwa kushika kalamu. Watu hao ndio wazazi na mabibi wa leo, na wanachotaka kukiona ni daftari lililojaa irabu. Likijaa Kiingereza, raha zaidi. Mtoto akirudi na udongo kwenye kucha, mwalimu anapigiwa simu.

Basi tuelewane. Bustani ya mtoto wa chekechea haimlishi mtu. Haina hesabu ya magunia, haina mkaguzi, wala haitumiki kumwadhibu yeyote. Ni tuta la urefu wa mkeka, na kazi yake ni kumpa mtoto kitu cha kushika wakati akili yake inajifunza. Mpe mbegu kumi za kunde, mwambie kila shimo mbegu mbili, kisha muulize amechimba mashimo mangapi. Umeshamfundisha kugawanya kabla hajajua kuandika tano. Mwache apime maji kwa kifuu cha nazi, vifuu vitatu kwa mpapai, kimoja kwa mchicha. Hapo kuna hesabu na kuna huruma ndani yake. Shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, zikaenea Zanzibar na Uganda, zilionyesha watu wa pwani mapema kwamba vifaa vya mtoto viko jikoni na nyuma ya nyumba. Hatukuwa na haja ya kuagiza plastiki.

Wala wazo lenyewe si geni. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg na kuipa jina la "bustani ya watoto" mwaka 1840, alimpa kila mtoto tuta lake, akaweka na matuta ya wote. Kwenye tuta lako ulipanda upendavyo. Ukizembea, lilikauka mbele ya macho yako. Kwenye matuta ya wote ulifanya kazi na wenzako. Nimeona chekechea nyingi za kwetu zenye bustani nzuri ambayo hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kuinyooshea kidole akasema, "Hii ni yangu." Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule za Fröbel kwa hofu kwamba zinafundisha ukana Mungu, marufuku iliyodumu karibu miaka kumi. Dola zima, na matuta ya watoto!

Sasa twende Finland, halafu turudi haraka. Watafiti wa huko walichukua watoto 75 wa miaka mitatu hadi mitano katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini. Baadhi ya viwanja vilikuwa vya changarawe na mchanga. Baadhi ya hivyo wakavitandikia udongo wa msituni na mimea yake, nyasi, na masanduku ya kupandia, watoto wakawa wanavichezea kila siku. Baada ya siku 28 bakteria wa ngozi zao walikuwa wa aina nyingi zaidi, na damu ikaonyesha dalili kwamba kinga ya mwili inajidhibiti vizuri zaidi kuliko ya watoto waliobaki kwenye changarawe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na tangu hapo watu wanayataja kila mahali kana kwamba udongo ni dawa.

Mimi naweka alama ya tahadhari hapo. Udongo wetu si wa Finland. Safura wanaingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo, kutoka kwenye udongo uliochanganyika na kinyesi. Funza wanapenda vumbi kavu lililolegea, na anayewajua vizuri ni mtoto wa pwani na wa Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo kabla mtoto wetu hajaingiza mkono ardhini, choo cha shule kiwe choo. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu. Mbichi isiguswe kabisa na watoto. Viatu vivaliwe, mikono inawiwe kwa sabuni. Na bado hoja yangu inasimama, kwa sababu uwanja mtupu wa vumbi ndio unaofuga funza, na uwanja uliofunikwa nyasi na kumwagiliwa unawaharibia makazi. Anayemzuia mtoto asiguse bustani kwa kuogopa uchafu, halafu anamwacha kutwa nzima kwenye vumbi, ameogopa kitu kisichostahili.

Kazi ya kwanza ni ya wakubwa peke yao. Jumamosi moja, wazazi na makoleo na reki. Kifusi kiondoke, shimo la taka lihamishwe, na udongo uchambuliwe kwa macho na kwa chekeche: viwembe, vigae, sindano, misumari, betri kuukuu. Sehemu hii haina mjadala na wala haina sherehe. Mtoto asiitwe mpaka imalizike.

Kisha, kabla ya kupanda kitu chochote, mwalimu akae tu awaangalie. Watoto wakitoka nje wanakimbilia wapi? Uwanja wa chekechea una barabara zake: kuna njia ya kwenda kwenye maji, kuna ya kwenda chooni, kuna mzunguko wa kukimbizana. Ukipanda juu ya barabara hizo, utaishia kuweka kibao cha "usikanyage nyasi", na kibao hicho ni aibu kwenye shule ya watoto wasiojua kusoma. Acha njia zao. Panda kwenye nafasi zinazobaki.

Ukoka ndio nyasi ya kuanzia. Haununuliwi; unang'olewa kando ya barabara, unakatwa vipande vyenye vifundo, unafukiwa mistari mistari masika yanapoanza. Watoto wanaiweza kazi hiyo kuliko sisi, maana wao wako karibu na ardhi na migongo yao haiumi. Uhesabu majuma machache ya kuwazuia kukanyaga sehemu hiyo, baada ya hapo ukoka wenyewe unavumilia miguu.

Kivuli ndicho kinachotakiwa haraka, na mti hauna haraka. Watu wanapanda mwembe wa kokwa, mtoto anahamia darasa la kwanza, la pili, la tatu, bado mwembe unamfika kifuani. Panda mwembe, au mkungu kama uko pwani, kwa ajili ya wadogo zake. Lakini kwa ajili yake yeye panda dodoki. Simamisha uchanja wa fito, juu utandaze kamba au nyavu kuukuu za wavuvi, mbegu nne za dodoki kila nguzo. Mvua zikiwa nzuri, msimu haujaisha watoto wana paa la majani na maua ya manjano, nyuki wanakuja, na baadaye madodoki yananing'inia vichwani mwao. Yakikauka yanamenywa, yanakung'utwa mbegu, na kila mtoto anakwenda nyumbani na dodoki la kuogea. Mzazi aliyekuwa analalamika kuhusu kucha, mpe hilo.

Nimesema mbegu. Kwa vidole vya miaka mitano, kunde na mahindi vinafaa, maharage kadhalika. Vinashikika na vinaota ndani ya siku chache. Mchicha una mbegu ndogo kama mchanga, kwa hiyo uchanganye na mchanga wenyewe mtoto aunyunyize kama anavyotia chumvi. Unachumwa kabla hata mwezi na nusu haujapita. Mpapai ukitunzwa huanza kuzaa karibu na mwaka. Mambo haya ya muda ni muhimu, kwa sababu mtoto wa awali anakaa pale mwaka mmoja, na mwaka kwake ni maisha.

Na atafukua. Hili naliona kila ninapopita kwenye bustani za watoto: siku ya pili asubuhi, kabla hata ya kuweka begi, mtoto amechuchumaa tutani anachimba kwa kidole kuangalia kama mbegu yake imeota. Akiiona imevimba na kutoa kijimkia cheupe, anaita wenzake, wote wanafukua za kwao. Walimu wengi wanamkemea. Mimi nasema hapo ndipo somo lilipo, na mtoto huyo ndiye mwanasayansi wa darasa. Mpe mbegu za ziada kwenye kona ya kufukuliwa. Mpandie nyingine kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, mchanga mbichi ndani, mbegu ikigusa ukuta wa chupa, aone mzizi unavyoshuka bila kuua kitu. Na kama eneo linatosha, mwachie kipande cha kuchimba tu, cha matope na mchezo wa baba na mama, kisichopandwa kitu milele.

Maji. Hapa ndipo walimu wakuu wanapotingisha kichwa, na wana haki, kwa sababu shule nyingi zinabebesha watoto wakubwa maji ya kupikia uji. Lakini kuna maji ambayo tayari yapo na yanamwagika. Kile kibuyu chirizi kilichoko karibu na choo: dumu la lita tano limening'inizwa kwenye mti wa kulala, kamba imeshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Yanaishia wapi? Kwenye dimbwi linalofuga mbu. Chimba shimo pale chini, jaza kokoto, panda mgomba upande mmoja na mpapai upande wa pili. Darasa zima linanawa kabla ya uji na linanawa baada ya choo, mpapai unakunywa bila mtu kuusogelea na ndoo. Maji hayo ya sabuni usiyapeleke kwenye mchicha. Mgomba hauna neno nayo. Kwa mchicha tumia chupa za maji za dukani, toboa kizibo kwa msumari, kila mtoto na yake.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye ua, maana hapa tunauza watoto wetu. Pita shule za vijijini utaona uzio wa mnyaa, ule usio na majani, vijiti vya kijani. Unapandwa kwa sababu mbuzi hauli. Lakini mbuzi ana akili: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, na mtoto hawezi kuona kijiti kinachovunjika kwa raha namna ile akakiacha. Uzio mwingine ni mbono kaburi, na huo una hatari zaidi kwa sababu mbegu zake zina ladha nzuri. Watoto wanazibangua kama karanga, baadaye ni kutapika na kuharisha mpaka hospitali. Mbarika nao una mbegu zenye madoadoa zinazofaa kabisa kwa mdako, nazo zina sumu kali. Mnanaha unaoota wenyewe jalalani, vivyo hivyo. Hakuna bustani ya watoto mpaka mimea hii imeng'olewa na mizizi yake, na anayeing'oa afunike mikono na macho. Ukitaka ua wa kumzuia mbuzi, fito na seng'enge zinatosha kuanzia, au michongoma iliyopandwa nje ya mstari wa kuchezea, mbali na mikono.

Ua una maana nyingine pia. Uwanja wa shule unaoonekana hauna mwenyewe hupata mwenyewe. Wakenya wanakumbuka Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipotoka kudai uwanja wao uliozungushiwa ukuta, wakapigwa mabomu ya machozi na polisi. Watoto wadogo, na sare zao. Wale walikuwa na mahali pa kudai kwa sababu walikuwa wakicheza hapo. Darasa la awali ambalo halijawahi kutoka kwenye kivuli cha ukuta litadai nini? Kwa hiyo kamati ya shule inapokaa, suala la mipaka na hati liwe ajenda pamoja na la miche.

Limebaki adui mkubwa kuliko mbuzi, naye ni likizo. Bustani za shule hazifi kwa ukame, zinafia Juni na Desemba. Mgeni rasmi alikuja, picha zikapigwa, miche ikakabidhiwa kwa wanafunzi, shule ikafungwa, funguo za geti na za bomba zikaenda nyumbani kwa mtu. Wanarudi wanakuta vijiti. Mtoto wa miaka mitano anajifunza kitu hapo, tena vizuri sana: kwamba ukipanda kinakufa. Bora usingempandisha.

Kwa hiyo kalenda ya kupanda iongozwe na mvua na mihula pamoja. Penye masika, pandeni mvua za kwanza za Machi, ili Juni ikifika mizizi imeshashika. Vuli ya Novemba inadanganya, shule inafungwa miche ikiwa bado michanga. Dodoma na Singida, kwenye mvua za msimu mmoja, matuta yaandaliwe kabla ya likizo ya Desemba na kupanda kufanyike wiki ile ile shule zinapofunguliwa Januari. Na miche iwe michache. Mitano inayoishi inatosha kabisa kwa darasa la awali. Wenye kutaka maelfu waende kwenye misitu ya hifadhi.

Gharama? Bwana shamba wa kata analipwa tayari, mwiteni. Vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu vina miche, na shule zikiomba kwa barua huwa zinafikiriwa. Fito, kifuu, chupa, ukoka, mbegu za dodoki za jirani: hakuna kinachohitaji mfadhili, na mimi nafurahi hivyo, kwa maana mfadhili huja na kibao chake, na kibao ndicho kinachobaki.

Mzazi mwenye mtoto wa awali, fanya mambo mawili kabla ya masika. Pita kwenye uzio wa shule ukaangalie kama kuna mnyaa au mbono kaburi, na ukiukuta mwambie mwenyekiti wa kamati siku hiyo hiyo. Kisha muulize mwalimu funguo za bomba hukaa kwa nani shule ikifungwa. Kama hana jibu, jitolee zikae kwako.